Hadi Kileleni kwa Miguu

Ibaba, Ileje
12 Januari 2025

Shangazi Restuta mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limetulia tangu Krismasi. Sisi huku hatujambo. Timotheo anakusalimu, yuko shambani anapalilia mahindi, maana mvua safari hii haina mchezo na magugu nayo hayana adabu. Mama mkwe, Mama Tukuswiga, anasema mchele wa Msangano uliomtumia umeisha na sufuria bado inauulizia. Mjukuu wako Anna ameanza kutembea. Ukimbeba analia, anataka miguu yake.

Naandika kama tulivyokubaliana, kwa sababu simu inatugombanisha. Wewe ukipaza sauti mimi nakata, kisha tunanuniana wiki nzima. Barua haikatwi. Edson, dereva wako, atakuletea mkononi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ya Mwaka Mpya wageni walikuja mlimani Ishinga kuliko mwaka wowote. Walitoka Tunduma, Vwawa na Mbeya, na kina mama wa Zambia na vitenge vyao vya kanisa. Tulifurahi, nani hapendi wageni? Lakini kila mmoja alitaka gari lake lifike juu kabisa, aitazame Malawi akiwa amekaa kwenye kiti. Mvua ikanyesha. Magari yakazama, yakasukumwa, yakakwepea pembeni, na pembeni ndiko iliko chemchemi. Kosta zako zote mbili zilikuwemo, shangazi, zimeandikwa ubavuni HADI KILELENI. Mpaka leo maji ya kijiji kizima yanatoka na tope. Tunashuka mtoni kuchota, na kile kilima cha kurudi na ndoo kichwani ungekijua kama ungewahi kuja kunitembelea.

Mkutano wa kijiji ulikaa juzi. Wengi wanataka greda liletwe, barabara ipanuliwe hadi juu ili magari yasikwame tena. Ikipanuliwa itapita juu ya jicho la chemchemi, hakuna pengine. Mimi ni katibu wa kamati ya mlima, nikasema hapana: magari yaishie kiwanjani, hapa chini karibu na kanisa, watu wapande kwa miguu kwa njia ya zamani. Walicheka. Mwishowe wakanipa mpaka Jumatatu ya Pasaka. Wageni siku hiyo wakipanda bila magari na wakaondoka na furaha, greda halitakuja. Wakikasirika, linakuja.

Wageni wengi huletwa na wewe. Kosta zako zikisimama chini, wengine nao watasimama. Kwa hiyo nakuuliza wazi: utazisimamisha kiwanjani?

Mwanao,
Loisi


Tunduma
26 Januari 2025

Mwanangu Loisi,

Marahaba. Mulishani huko, kama wanavyosalimia wateja wangu wa ng'ambo? Mimi bwino tu, ila Tunduma haina usingizi, foleni ya malori imerudi hadi karibu na Mpemba na madereva wote wanataka chai kwa wakati mmoja. Goti usiliulize. Mwambie mama mkwe wako mchele mwingine unakuja na barua hii, asiupike wote siku moja. Anna anatembea! Huyo ametoka kwetu. Kwa kina baba yake wanatambaa mpaka wanaandikishwa shule.

Naona sasa umekuwa mkubwa, unanipangia pa kuegesha. Mimi nilianza na toroli la kuvusha mizigo hapa mpakani, mpaka nikafika kwenye Kosta, na siku zote hizo hakuna aliyenionyesha pa kusimama. Mteja wangu amelipa afike juu. Nimeandika HADI KILELENI, sikuandika hadi kiwanjani. Nimshushe kanisani nimwambie haya baba, malizia mwenyewe? Na wale kina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wana miili ya heshima, hawakuja huko kushindana na mbuzi.

Maji yametibuka, pole sana. Lakini maji yakitibuka si hutulia? Biashara ikitibuka haitulii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe unataka mwenyeji apone kwa kumtoa mgeni jasho.

Halafu nikuulize. Huyo baba mkwe wako, Mzee Ambakisye, si ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo? Katibu gani huyo asiyeweza kukaa chumba kimoja na mwenyekiti wake? Au mila za Wandali zimebadilika? Kwetu Mbozi nako zilikuwepo, ila zimelegea. Niambie mnavyofanya, nicheke kidogo.

Nakutumia kitenge na sabuni za kufulia.

Shangazi yako,
Restuta


Ibaba
23 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kwa sababu barabara ilikatika, Edson akakaa Isongole siku kadhaa akila kwa watu. Tumeipata, pamoja na mchele, kitenge na sabuni. Asante sana. Timotheo aliugua malaria, sasa amepona na anakula kama anafidia. Anna amegundua ngazi ya ghala, hatulali.

Haya, cheka basi. Mila haijabadilika hata kidogo, pamoja na ubatizo wetu wote. Mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mahindi. Yeye akiniona kwanza anageuka kuitazama milima kana kwamba imeletwa jana. Tukikutana macho kwa macho ni aibu ya nyumba nzima, na mimi ndiye napaswa kupeleka kuku ili yaishe. Kwa hiyo kamati yetu hukaa hivi: wajumbe wako ndani ya ofisi ya kijiji, katibu niko nje chini ya dirisha. Nikisema neno, mama mkwe, ambaye naye ni mjumbe, analirudia kule ndani. Tena analilainisha. Juzi nilisema, "Mwenyekiti amekosea kabisa." Nikamsikia mama anasema, "Katibu anauliza kama mwenyekiti amepata nafasi ya kutafakari."

Mzee hataki kusikia habari za miguu. Anasema mgeni hatembezwi kama ng'ombe wa mnada, mgeni anapelekwa. Ametangaza kwamba siku ya Pasaka atapanda gari la kwanza mbele ya watu wote, waone kuwa mtu mzima mwenye heshima zake haparamii mlima.

Gari lenyewe litakuwa moja tu, Noa ya Amoni. Itapandisha wazee, wajawazito na wasiojiweza, na itaishia kwenye mianzi, mbali na maji. Bodaboda wamekubali kuwatoa wageni lami ya Isongole kwa zamu na kuishia kiwanjani kama wengine. Njia ya zamani ya miguu tumeifyeka sisi wanawake, inaanza nyuma ya kanisa na haiigusi chemchemi popote. Timotheo ameweka benchi za mianzi kila panapokata pumzi, na kila penye benchi kutakuwa na mama anauza chai, viazi au mahindi ya kuchoma. Shangazi, wewe ni mfanyabiashara. Mgeni anayepita ndani ya gari kioo kimefungwa, amewahi kumnunulia nani kiazi?

Swali langu hukulijibu.

Loisi


Tunduma
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima, ila mvua imeingia stoo na imelowesha magunia mawili ya mchele, nimeyaanika mbele ya duka na kuku wa Tunduma nzima wamenitembelea. Pole kwa Timotheo. Mama mkwe wako nimempenda kabla sijamwona. Tungempata hapa mpakani awe mkalimani, ugomvi wote ungeisha.

Nina maswali kidogo. Hizo benchi za mianzi zina pa kuegemea? Mtu mwenye mwili wake akikaa hazivunjiki? Nauliza kwa ajili ya wateja. Na huko juu kuna baridi? Mtu avae nini? Mwenye goti la kuuma, kwa mfano tu, apande taratibu au ajikaze amalize mapema?

Mchoraji wa mabango alipita jana. Anasema rangi ya Kosta zangu imepauka, na kweli imepauka.

Swali lako nimelisoma.

Shangazi Restuta


Ibaba
13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo Jumapili ya Matawi, tumetoka kanisani, wote wazima.

Benchi zina pa kuegemea. Juu kuna baridi. Mwenye goti apande taratibu.

Nimekuuliza jambo moja tangu Januari, nawe unanijibu habari za kuku na rangi. Edson anasema hajaambiwa lolote. Greda limeshafika Isongole, limeegeshwa linangoja. Wiki hii maji ya chemchemi yameanza kutoka meupe, nimechota ndoo moja nikasimama hapo hapo nikalia, kwa sababu najua Kosta mbili zikipita Jumatatu ya Pasaka ndiyo mwisho wake.

Kama zitapanda, zipande. Ila usinitumie tena sabuni, shangazi. Sitakuwa na maji ya kufulia.

Loisi


Ibaba
27 Aprili 2025

Shangazi Restuta, shangazi yangu!

Shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake! Sisi wazima, wazima kabisa. Timotheo mzima, Anna mzima, mama mkwe amecheza ngoma mpaka kiatu kimoja hakijaonekana. Ningekupigia simu, lakini ningelia na wewe ungepaza sauti, kwa hiyo keti nikusimulie.

Jumatatu ya Pasaka kulikucha na ukungu. Tulikuwa tumefunga kamba barabarani pale inapoanza kupanda. Magari madogo yakaja kwanza, yakasimama mbele ya kamba, injini zinanguruma, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kaka mmoja wa Mbeya akashuka akaanza kuifungua. "Dada, sisi tumechoma mafuta kutoka mbali," akasema, "hatukuja kufanya mazoezi." Nilimshika mkono, nikasimama mbele ya kamba.

Ndipo nikasikia honi yako. Kosta zikapinda kona, moja nyuma ya nyingine, zinaelekea kwenye kamba. Edson hakuikaribia kamba. Alikata kushoto, akaingia kiwanjani, akazima injini. Ya pili ikamfuata. Na ubavuni, kwa rangi ambayo bado ilikuwa inanuka, HADI IBABA, KILELE NI MIGUU YAKO. Shangazi, nilipiga vigelegele peke yangu kama kichaa. Yule kaka alisoma, akacheka, akarudi kwenye gari lake, akaingia kiwanjani. Wengine wote wakaingia nyuma yake.

Nilikuwa nakimbilia mlango wa Kosta niwapokee wageni, nikaiona kofia ya baba mkwe. Anakuja moja kwa moja, amevaa koti lake la harusi, fimbo mkononi. Mahindi hakuna hapo, ni kiwanja kitupu. Nikaruka ndani ya Noa ya Amoni, nikajilaza kiti cha nyuma. Nawasikia watu wanashuka kwenye Kosta zako, wanacheka, wanaongea Kibemba, na mimi mwenyeji simwoni hata mmoja.

Mara mlango wa Noa ukafunguka. Ni yeye! Nilisahau kabisa kwamba aliapa kupanda gari la kwanza. Tukatazamana macho kwa macho. Miaka minne ya ndoa, na ndiyo siku ya kwanza nimejua kwamba Timotheo ana macho ya baba yake. Mzee akasema, "Ee Yesu wangu!" akajifunika uso kwa kofia, akageuka. Kulia kwake wageni wamejaa, kushoto magari, ndani ya Noa mkamwana. Palipokuwa wazi ni nyuma ya kanisa tu, kwenye njia ya zamani. Akaishika, akapanda mbio mbio kama kijana anayewahi posa, hakutazama nyuma.

Sasa wageni wanaona mzee wa heshima, koti, kofia na fimbo, anatangulia mlimani bila kumngoja mtu. Nikasikia sauti ya kike inasema, "Si ndiye mwongozaji huyo? Twendeni, anatuacha!" Wote wakamfuata. Akisikia vishindo nyuma yake anaongeza mwendo, nao wanaongeza.

Yaliyobaki nimeyapata kwa mama mkwe, aliyekuwa anauza viazi kwenye mianzi. Mzee alifika pale pumzi imemwishia, akaketi kwenye benchi. Wageni wakamzunguka, wanangoja. Mmoja akauliza, "Mzee, hapa panaitwaje?" Angewaambia nini? Kwamba anamkimbia mkamwana? Akawaambia panavyoitwa. Akawaambia mianzi hiyo ilipandwa na mama yake, na kwamba alipokuwa mtoto alilala humo na ng'ombe mmoja aliyepotea, wote wawili wakiogopa chui. Wakacheka, wakanunua viazi vyote, naye mama akafuatana nao. Benchi iliyofuata wakamwomba hadithi nyingine, naye akawa nayo. Walipofika juu ukungu ukafunguka na Malawi yote ikaonekana chini. Mama anasema mzee alivua kofia akasimama muda mrefu. Alikuwa hajapanda kwa miguu tangu kijiji kipate gari la kwanza.

Anasema pia kulikuwa na mama mmoja mwenye mwili, mwamvuli mweusi, kitenge kimoja na wale kina mama wa Nakonde. Alilaani kila hatua, kwa Kiswahili na kwa Kibemba, alimlaani aliyeuumba mlima na aliyeufyeka. Alikaa kila benchi. Noa ilimpita mara mbili akaikataa. Alinunua kila kinacholiwa, kila akipokea anasema "natotela," asante ya Kibemba. Kisha akaiacha njia na wenzake, akakatiza hadi kwenye chemchemi, akapiga magoti, akanywa kwa viganja, akalia mpaka wenzake wakaanza wimbo. Nilitamani nimshike mkono. Lakini mzee aliwaongoza kushuka vilevile, kofia yake mbele ya wote, nikalazimika kujifungia jikoni kanisani mpaka Kosta zikaondoka. Nilisikia tu wanaimba wakati wanapanda. Hakuna aliyekasirika, shangazi. Hata yule kaka wa Mbeya ameuliza kama Sikukuu ya Wafanyakazi tutakuwepo.

Jioni nilimkamata kuku, nikampa mama apeleke. Akarudi na kuku kwapani. "Baba yako anasema huyu rudisha bandani," akaniambia. "Anasema kamba isifunguliwe. Na watu wakija tena asitangulie mwingine, njia anaijua yeye."

Alhamisi mkutano ukakaa, mimi chini ya dirisha langu. Nikamsikia mwenyekiti kwa sauti yake mwenyewe, "Nilisema mgeni hatembezwi, anapelekwa. Sasa nasema mgeni anasindikizwa. Greda liende wanakolihitaji." Mama mkwe hakurudia wala hakulainisha. Nilimsikia tu anapiga makofi.

Maji ni meupe! Kijiji kizima tunachota juu. Umenijibu kwa rangi, shangazi, na mimi nilikuandikia maneno makali. Nisamehe. Lakini kwa nini hukuniambia? Na kwa nini hata siku kama ile hukuja?

Mwanao mwenye furaha,
Loisi


Tunduma
4 Mei 2025

Mwanangu Loisi,

Marahaba, marahaba mara zote ulizoamkia. Hapa wazima. Goti limevimba, nalikanda kwa maji ya moto na sijutii.

Umesimulia vizuri sana, ila kuna makosa mawili. Mwamvuli si mweusi, ni wa bluu iliyokolea. Na huyo mama hakumlaani aliyeuumba mlima, yeye ni mkristo. Alimlaani aliyeufyeka, na aliyeufyeka ni wewe.

Funga mdomo, nzi wataingia.

Ningekuambia nakuja ungenifanyaje? Ungechinja, ungeita kwaya, ungenikalisha kiti cha mbele cha Noa na kunipandisha kama gunia. Mimi nilitaka kujua kama mteja wangu anaweza. Nikasema moyoni, mnene kuliko wote hapa mpakani ni mimi, goti bovu ni langu. Nikifika mimi, hakuna atakayenidai nauli yake. Edson nilimwapisha asiseme, na kitenge nikaazima kwa mama mmoja wa Nakonde.

Nilikuona unavyoruka ndani ya Noa. Nilimwona na mzee anavyotoka mbio, na hiyo sauti ya kike uliyoisikia unaifahamu, ila ulikuwa umelala kifudifudi. Nilicheka mpaka benchi ya kwanza. Benchi ya pili sikucheka. Ya tatu nilisema narudi, lakini mzee alikuwa katikati ya ng'ombe na chui, nikaona nisikie mwisho wake. Kwenye chemchemi nililia kwa sababu maji yalikuwa matamu, na kando yake alama ya gurudumu la Kosta yangu bado ilikuwepo, pana na ndefu, na nyasi zimeanza kuota ndani yake. Nilikuwa nimekuandikia kwamba maji hutulia. Mwanangu, yametulia kwa sababu ulisimama barabarani mbele ya kamba. Najivunia wewe, na naliandika hili kwa kalamu ili usiweze kulikata.

Wateja sasa wanauliza safari ya mzee wa kofia. Wenzangu wenye mabasi madogo wamekuja kuuliza, nimewaambia nao waegeshe kiwanjani, walipo watu wazima.

Mwisho wa mwezi nakuja waziwazi, na heshima zote na mchele. Mwambie Mzee Ambakisye asikimbie, mimi si mkamwana wake, tutaonana macho kwa macho kwenye benchi ya mianzi na atanisimulia tangu mwanzo ile ya ng'ombe. Noa msinitumie. Siku hizi mimi ni kama Anna, nikibebwa nalia.

Na sabuni nakuletea katoni nzima. Maji ya kufulia unayo.

Shangazi yako,
Restuta